Kiranja wa Umeme

Jumapili, tarehe 6 Oktoba

Nimechaguliwa! Tangu jioni hii mimi ni kiranja wa umeme wa nyumba nzima. Sijawahi kuwa kiranja wa kitu chochote maishani, hata wa kufuta ubao.

Ilikuwa hivi. Mama Mwenye Nyumba alituita wapangaji wote sebuleni kwake. Mita yetu ni moja. Umeme ananunua yeye kila Jumapili, wa wiki nzima, na kila wiki unaisha Ijumaa. Hapo tunakaa gizani kama popo mpaka Jumapili nyingine. Akasema amechoka. Akasema kile chumba cha mbele kilichohamwa, chenye dirisha la barabarani, atampa mtu atakayeufikisha umeme wa wiki hii hadi Jumapili ijayo.

Kinyozi alinyoosha mkono. Mimi nilisimama kabisa. Nikawakumbusha kwamba napakia barafu kiwandani, kwa hiyo nani humu ndani anaijua friji kama mimi? Kinyozi, ambaye ananyolea watu kwenye kiti chini ya ngazi na anajiona daktari wa vichwa, akajibu kwamba punda hubeba unga kila siku na hajawahi kupika hata uji. Watu wakacheka sana. Sikuona cha kuchekesha.

Mama akaamua. Wiki ni yangu kwa sababu nilisimama. Giza likiingia kabla ya Jumapili, chumba ni cha kinyozi, afungulie saluni yake.

Sasa niseme kwa nini nilisimama. Mke wangu anakuja Jumamosi. Nilipoondoka nyumbani kutafuta kazi, kitinda mimba wetu hakuwa na jino hata moja. Sasa nasikia yameanza kung'oka. Na mimi hapa nalala chumba kimoja na mpakizi mwenzangu, tunamwita Honi kwa sababu ya anavyokoroma. Katikati yetu tumetundika shuka. Mke wangu alishanieleza kwenye simu, bila kupandisha sauti, na hapo ndipo anapotisha: hatalala nyuma ya shuka na mwanamume mwingine akipiga honi upande wa pili. Hakuna chumba, basi anageuza na basi la jioni ile ile.

Nimempigia simu sasa hivi. Nimemwambia chumba kipo. Kina dirisha. Akauliza kama nimeshakabidhiwa ufunguo. Nikasema mtandao unasumbua.

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Vita vimeanza! Adui ni taa nyekundu.

Redioni walisema zamani, nakumbuka vizuri: kitu kikizimwa kwa rimoti kinabaki kimefumba jicho moja tu. Kile kijitaa chekundu kinakula umeme polepole, kama panya na gunia la mchele. Alfajiri kabla ya kwenda kazini nikapita nyumba nzima kwa soksi. Televisheni ya Mama, chomoa. King'amuzi, chomoa. Redio ya Honi, chomoa. Chini ya ngazi nikakuta kitu cha kinyozi kimechomekwa, kina kijitaa chekundu, hakifanyi kazi yoyote. Chomoa!

Kumbe ilikuwa mashine yake ya kunyolea, inachaji.

Nimesimuliwa niliporudi. Mteja wa kwanza alikuwa anakwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Mashine ikamaliza upande wa kushoto, ikakohoa, ikafa. Kuchaji kunataka subira na ofisi ya vitambulisho haina subira. Jamaa akaenda hivyo hivyo. Kwa hiyo yupo raia mmoja ambaye mpaka kitambulisho kiishe muda wake atakuwa na nywele upande mmoja.

Kinyozi alinisubiri mlangoni na kitana mkononi. Alisema mengi kuhusu ukoo wetu. Mimi nikamjibu kwa utulivu wa kiongozi kwamba nusu ya kichwa ni nusu ya umeme.

Lakini tazama! Mita yetu ina kijitaa kinachopepesa. Umeme ukiliwa kwa fujo kinapepesa haraka, ukiliwa kwa adabu kinapepesa taratibu. Mama alivuta kigoda akakaa mbele yake kama anayetazama tamthilia. Akasema kweli, mwanangu, leo kinapepesa kwa kujifikiria. Alisema mwanangu. Kinyozi alisikia.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Leo balbu. Nimechomoa balbu ya ukumbini, ya chooni na ya jikoni. Kila moja inaunguza vidole. Moto wote huo ni wa nini? Sisi si mikate.

Matokeo: Honi ameingia mguu mzima kwenye ndoo ya maji ya mtu. Mpangaji mmoja amesugua meno kwa dawa ya misuli. Analalamika, lakini nimemwona, taya limelegea vizuri. Mama akaagiza taa zirudi kabla hajahesabu tatu.

Hapo kinyozi akatokea na tabasamu la mtu aliyesoma. Alikuwa amenunua balbu za kisasa, nyeupe. Akazifunga mwenyewe kila mahali. Mwanga mkali! Akanieleza mbele ya watu kwamba hizi zinakula kidogo kwa sababu hazipotezi umeme kwa joto. Nikapanda kiti, nikagusa. Baridi. Nikawaambia mwanga usiochoma ni mwanga wa uongo, ngojeni mtaona, utaisha usiku wa tatu. Walikuwa wanatazama mita. Kijitaa kinapepesa kama mzee anayesinzia.

Umeme unahifadhika, na mimi ndiye kiranja, kwa hiyo ushindi ni wangu hata kama balbu ni zake. Lakini moyo hauko sawa. Kinyozi anataka saluni, hafanyi vile kwa wema. Kwa nini anisaidie kushinda? Honi anasema labda amechoka giza tu. Honi hana akili ya siasa.

Mke wangu amepiga. Ameanza kufunga mizigo. Anauliza dirisha lina upana gani, ashone pazia. Nimemwambia pana.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

NIMEPATA!

Niliishia darasa la sita. Umeme ulikuwa wa darasa la saba. Ndiyo maana nimekuwa nahangaika na vijitaa na balbu, vitu vya watoto. Mlaji mkubwa yuko jikoni amesimama wima, mweupe, ananguruma mchana na usiku. Friji! Inatumiwa na nyumba nzima, kila mtu ana rafu yake. Leo tumepakia barafu kwenye lori la kwenda mbali. Nyapara wetu kama kawaida akapiga kelele: vumbi la mbao chini, magunia juu, funga, kaza, baridi isitoke! Nimeisikia amri hiyo mpaka inaniingia ndotoni. Lakini leo, pande la barafu likiwa begani na maji yananiingia kwenye sikio, nikaielewa.

Barafu iliyovishwa magunia inafika safari ya siku nzima bado pande zima. Haijachomekwa popote! Haina waya! Je, friji, ambayo ina waya, ukiivisha magunia?

Itashiba baridi. Itajifunga baridi yake tumboni. Mota itapumzika mpaka iote kutu. Umeme utafika Jumapili na utabaki wa kumwagia mimea.

Nilimwambia Nyapara. Akasema chukua magunia unayotaka, ila usije ukasema ni mimi niliyekutuma. Wakubwa huwa hivyo, wanaona haya kusifu.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Imevaa. Nimeikalia mbele nusu saa kuitazama, na ningekuwa na kamera ningejipiga nayo.

Magunia kutoka kiwandani, matabaka mawili. Vumbi la mbao kutoka kwa seremala wa kona, nimelijaza katikati ya magunia na kushindilia kwa mwiko. Nyuma kulikuwa na mabomba membamba meusi na nafasi kati yake na ukuta. Uwazi mtupu, baridi inatoroka! Nimepajaza zaidi kuliko kote, kisha nikaisukuma friji mpaka ikabana ukutani. Kamba ya Honi nimeizungusha na kufunga fundo la kazini, lile lisilofunguka lori likipinduka.

Nimeweka na saa za kufungua mlango: asubuhi na jioni, mbele yangu. Kila anayefungua friji na kusimama akiwaza anamwaga baridi sakafuni. Hilo hata kinyozi alikubali. Akasema hilo peke yake ndilo neno la maana nililotamka tangu Jumapili. Kisha akachungulia nyuma ya friji, akaacha kucheka.

"Friji inapumulia nyuma, kaka," akasema. "Joto la ndani linatokea kule. Wewe umeiziba pua."

Nikamuuliza barafu inapumulia wapi. Nikamwambia akili nywele, kila mtu ana zake, na yeye kazi yake ni kupunguza za wenzake. Watu walicheka! Mara hii kwa upande wangu! Nimeenda kulala kabla mtu hajasema kitu cha kuharibu ushindi wangu.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba. Asubuhi

Friji inaimba. Zamani ilikuwa inanguruma, inanyamaza, inanguruma. Sasa haijanyamaza tangu jana. Honi anasema hata yeye hakupata usingizi, na kama Honi ameamshwa na kelele, ni kelele. Mimi naona ni furaha ya chombo. Nimepitisha mkono chini ya gunia. Moto! Maana yake joto lote linafukuzwa nje kwa nguvu. Dawa inafanya kazi.

Maziwa ya Mama yameganda, lakini si kwa baridi.

Kijitaa cha mita kinapepesa kama jicho lililoingia mchanga. Nimewaambia ni cha mpito. Kila mgonjwa huzidiwa kidogo kabla ya kupona. Mama hakuniita mwanangu. Ameniita wewe.

Ijumaa, jioni

Naandika kwa tochi ya simu.

Ilikuwa saa ya chakula. Mpangaji wa dawa ya misuli alikuwa anasimulia kitu, kijiko kikiwa hewani. Friji ikatoa sauti kama mtu anayeteremsha mzigo mzito. Kisha balbu zote za kinyozi zikazimika kwa pamoja. Nikasikia kijiko kinarudishwa kwenye sahani.

Nilisema labda umeme umekatika nchi nzima. Mtu akafungua dirisha. Nyumba ya jirani inawaka kama meli.

Mama hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu kwamba neno ni neno, na kinyozi aje asubuhi achukue ufunguo. Kinyozi naye hakushangilia. Akanishika bega gizani akasema pole. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nina majibu matatu mazuri sana, na sasa sijui nitayatumia wapi.

Mke wangu yuko ndani ya basi sasa hivi, anakuja. Ametuma ujumbe kwamba pazia limetoka vizuri, la maua.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Nilimpokea stendi. Ameongezeka uzuri kwa namna ya kunionea. Mabegi mawili na pazia kwapani. Furaha ilinipanda mpaka nikasahau kwamba sina chumba! Nilipokumbuka nikaanza kumtembeza. Nilimwonyesha posta. Nilimwonyesha daraja la waenda kwa miguu. Nilipotaka kumwonyesha posta upande wa nyuma, akatua mabegi chini.

"Baba watoto," akasema, "chumba kipo au hakipo?"

Nikasema kilikuwepo.

Hakupiga kelele. Aliuliza basi la jioni linaondoka saa ngapi, akanitaka angalau nimpeleke akanywe maji na kuwasalimu watu niliokaa nao miaka yote hii. Njia nzima nilibeba mabegi mawili, na nimebeba barafu mvua na jua, lakini sijawahi kubeba uzito ule.

Tulipoingia, kinyozi alikuwa anahamisha vitu kuingia chumba cha mbele: kiti cha kuzunguka, kioo, feni ya kusimama. Mke wangu aliliona dirisha. Akalipima kwa macho. Akakunja pazia likawa dogo zaidi.

Kisha akaingia jikoni, akaona kile kiwiliwili kirefu kimesimama gizani, kimefungwa magunia na kamba.

Akashusha sauti, akamuuliza Mama nani amefariki.

Mama alianza kusimulia akiwa na hasira, kufika kwenye nywele za kitambulisho alikuwa ameegemea meza machozi yakimtoka. Walicheka wote wawili kwa muda ambao mimi niliona ni mrefu. Nilisimama pale kama mfano unaoonyeshwa darasani. Mke wangu akajifunga khanga kiunoni. Aliomba kisu, akakata fundo langu, lile lisilofunguka. Akatoa magunia. Vumbi la mbao likajaa mpaka kwenye sukari. Akaniamuru nivute friji kutoka ukutani, nikavuta. Akachungulia yale mabomba ya nyuma, akasema hata kabla ya vumbi langu kulikuwa na utando wa vumbi la miaka, mzito kama sufi ya godoro. Kwa tajiri aliyewahi kumfanyia kazi za ndani walikuwa wanayasafisha mabomba hayo kila mwezi. Akachukua ufagio mdogo, akafagia bomba kwa bomba huku akipiga chafya.

Saa ikawa inakwenda. Akanawa mikono. Akachukua mabegi. Mama akasema mwanangu, sasa akimwita yeye, natamani ungebaki, lakini chumba nimeshakitoa na sivunji neno langu. Mke wangu akasema ni haki kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, natazama viatu vyangu. Nilijua akitoka, itakuwa mpaka meno yote ya mtoto yaote upya. Sikuwa na mpango wowote. Naandika hili kwa aibu. Kichwani hapakuwa na mpango hata mmoja.

Akapita mlango wa chumba cha mbele kumuaga kinyozi. Akasimama hapo.

"Kaka, wewe unanyoa usiku?"

Kinyozi akasema hapana, jua likizama anafunga.

"Basi usiku hiki chumba kinakaa bure."

Kinyozi alimtazama Mama. Mama alimtazama kinyozi. Kinyozi akakuna shingo, akasema yeye hana neno, mradi asikute nguo za kulalia kwenye kiti cha wateja. Mama akasema neno lake bado limesimama, chumba ni cha kinyozi mchana. Kuhusu usiku hakuwahi kusema chochote.

Kwa hiyo mke wangu amebaki! Atabaki mwezi mzima! Godoro litaviringishwa asubuhi na kutandikwa jioni. Pazia limetundikwa, maua yote nje nje. Nywele za watu zitanichoma mgongoni na sijali. Masharti ya Mama ni mawili. Kiranja wa umeme sasa ni mke wangu. Na mimi nisiguse kitu chochote chenye waya.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Jana Mama aliingiza umeme mpya. Friji ikanguruma kidogo, ikanyamaza kabisa. Nilidhani imekufa. Kumbe imepumzika! Inaamka, inafanya kazi, inalala tena, kama mtumishi wa serikali. Kijitaa cha mita kinapepesa taratibu mpaka Mama amekosa cha kutazama, amerudi kwenye tamthilia za kweli. Wote wanamsifu mke wangu na ufagio wake. Mimi sisemi kitu. Lakini mwenye kufikiri ajiulize: friji ilikaa siku mbili ndani ya magunia yangu, ikajifunza kushika baridi, na ilipovuliwa tu ikawa na adabu. Nani aliifunza? Na mke mwenyewe nani alimwita?

Leo nipo zamu ya jioni. Kinyozi leo hakufungua, amekwenda kununua vifaa vya saluni. Mke wangu na Mama wamekwenda sokoni wameshikana mikono. Chumba chote changu. Nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, feni inanipuliza, nami nazunguka polepole, nafikiri.

Na hapo ndipo nilipoiona feni.

Inazunguka. Inazunguka bure! Inakula umeme, inazunguka, na mzunguko wote ule hauendi popote. Sasa baiskeli ya Honi ina dainamo. Gurudumu likizunguka, dainamo inatoa umeme, taa inawaka. Mtoto anajua. Basi je, dainamo ikifungwa kwenye feni? Feni inazungusha dainamo, dainamo inatoa umeme, umeme unarudi kwenye feni! Feni inajilisha yenyewe, na kinachozidi kinaingia kwenye friji! Mita haitapepesa tena. Italala! Mama ataniita mwanangu mpaka achoke!

Hili halijawahi kufikiriwa na mtu, nina hakika, maana lingekuwa limefikiriwa wangekuwa nalo.

Dainamo nimeshaitoa. Honi yuko kazini, baiskeli haihitaji. Kifuniko cha feni nimekifungua kwa mkasi wa kinyozi, ncha imepinda kidogo. Masharti yalisema nisiguse chenye waya, nami nashika kwa koleo, sigusi. Nimeunganisha kila kitu, zimebaki nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, na tundu la kuzichomeka ni moja.

Nawasikia wanafungua geti. Wanacheka. Nitaanza na nyekundu.